Pete za Siala ya Babu

Jumatatu, 2 Februari

Ushindi umekuja na kekee mkononi! Mtafiti mmoja kutoka Kisumu mjini, binti anayeitwa Emmaculate, amefika hapa Kombewa kutoboa miti mizee. Anatafuta habari za mvua na ukame wa zamani. Ametoboa ile siala, mti wetu mkubwa wa mpakani, akachomoa kijiti chembamba kama penseli, chenye mistari. Akanieleza kwamba mvua ikija mti huongeza pete. Pete nene, mvua nyingi. Pete nyembamba, ukame.

Nikachungulia begani mwake, nikahesabu haraka haraka. Sabini na nane! Basi ni babu aliyeupanda, tena kama mpaka. Na kile kipande cha shamba kutoka jikoni kwangu hadi kwenye mti ni changu. Jirani yangu Jentrix, mjane mwenye mdomo, anadai mumewe aliupanda wiki ya harusi yao, ndani ya shamba lao, na kwamba mpaka ni ile mikonge nyuma ya jikoni. Naibu wa chifu anakuja Ijumaa kuamua. Atashangaa!

Jumanne, 3 Februari

Nimempigia Emmaculate aje kutoa ushahidi. Amekataa. Eti yeye si mtu wa kesi za mashamba, na eti kijiti lazima kisuguliwe kwanza, kilinganishwe na miti mingine na rekodi za mvua. Wasomi hawana haraka. Mimi ninayo.

Halafu, kijiti ni kitu gani? Naibu wa chifu anavaa miwani. Anahitaji kuona pete kubwa kama sufuria. Nimemwita Wekesa na msumeno wake wa injini. Malipo yake ni matawi.

Mke wangu, Anyango, aliuliza swali moja tu: nikishaukata, mpaka utajulikana vipi? Nikamwambia hii ni sayansi.

Alhamisi, 5 Februari

Mti umeanguka. Umeangukia choo chetu. Anyango hajaniongelesha tangu saa nne. Lakini mti umejua upande wa mwenyewe, na hilo pia nitalitaja kesho.

Nimekisugua kisiki kwa msasa mpaka kikang'aa. Sabini na nane tena! Jentrix alisimama pale mikongeni, mkono kiunoni, machozi yakimlengalenga. Akasema, “Baba Byron, si ungeacha tu mti ya watu ipumzike?” Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Kwa sasa tunaomba choo kwake.

Ijumaa, 6 Februari

Siku mbaya. Naibu wa chifu amefika, na Emmaculate pia. Alikuwa amesikia kuhusu mti. Amekasirika kweli kweli, maana alitaka kurudi kuupima miaka mingi ijayo. Hata hivyo akapiga magoti kwenye kisiki na lenzi yake. Nikamwomba awasomee watu idadi. Akasoma sabini na nane. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Kumbe hakuwa amemaliza! Akasema huku kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka, ya masika na ya vuli, na siala hii iliamka mara zote mbili. Pete mbili kila mwaka! Kwa hiyo ni miaka thelathini na tisa hivi. Akaonyesha pete nyembamba za kiangazi kile cha juzi kilichomaliza ng'ombe, na zile za mwaka ule stima ilikuwa ya mgao nchi nzima. Kila mtu akakumbuka. Jentrix akasema aliolewa miaka miwili baada ya njaa ya themanini na nne. Watu wakapiga hesabu kwa vidole. Wakanitazama.

Naibu wa chifu akauliza, “Sasa Mzee, hii mti si ya Mama? Na kama ni yake, wewe umekata ukiwa nani?” Nikaomba maji ya kunywa.

Uamuzi: mpaka ni mikonge. Mbao ni za Jentrix. Choo, au kilichobaki, kiko ndani ya shamba la Jentrix. Na mimi nipande mche wa siala pale mikongeni, niutunze, mashahidi wakiona.

Jumapili, 8 Februari

Nimepanda, mashahidi wakiona. Anyango amenipikia omena na kuniambia anashukuru kwamba nimepata funzo.

Nimelipata! Mti hauhesabu miaka, unahesabu mvua. Emmaculate mwenyewe amesema, mbele ya naibu wa chifu. Ndiyo maana kwa mwenye miche nilichukua miwili. Wa pili nimeupanda leo watu wakiwa kanisani, ndani kabisa kwa Jentrix, nyuma ya zizi lake. Wiki hii nitaumwagia mitungi ya maji. Wiki ijayo nitaufunika kwa nailoni, uone kiangazi. Kisha maji tena, kila mara pete moja, mpaka zitimie za enzi za babu. Naibu wa chifu hastaafu leo wala kesho.

Mti alioupanda babu una majani manne.