Masikio ya Kamili na Mashine Mbili za Bruda

Jumatatu, 6 Juni 1988. Masumbwe.

Leo nimepata kazi. Bado hawajanipa, lakini nimeipata.

Bruda Bartholomeo amerudi misheni kutoka masomoni Italia. Kaja na masanduku mawili. Ndani mna mashine mbili za kunasa sauti, na si za utepe wa kawaida. Zinageuza sauti kuwa namba! Ametuita ukumbini wanakwaya na mafundi wote wa hapa Masumbwe, yaani mimi na Nkwabi, akatueleza polepole kwa chaki. Kwaya ikiimba, mashine inakatakata sauti vipande maelfu kwa kila sekunde, na kila kipande kinapewa namba yake. Mashine moja inaandika namba hizo kwa tarakimu kumi na sita. Nyingine kwa kumi na nne tu. Zinazobaki zinatupwa.

Nikauliza zinatupwa wapi. Watu wakacheka. Swali la kitaalamu kabisa, na wanacheka!

Mashine moja itabaki hapa kwa ajili ya kaseti ya jubilei. Nyingine itakwenda Ushirombo. Ila Bruda anasema hajui kama kuna sikio la binadamu linaloweza kutofautisha tarakimu kumi na sita na kumi na nne. Hata huko Italia wanabishana. Kwa hiyo Jumamosi atatupima. Kwaya ile ile, wimbo ule ule, sisi nyuma ya pazia, mara ishirini. Atakayetambua atakuwa mtunza mashine wa parokia. Atakaa mbele kwenye Land Rover. Atavaa hedifoni masikioni.

Mimi! Na hedifoni! Mbele ya duka la Nkwabi!

Huyu Nkwabi ni fundi saa, kibanda chake kinatazamana na changu. Tangu Pasaka anafungua na redio za watu. Wateja wangu wanavuka barabara kumfuata, eti kwa sababu redio ya Mzee Dominiko niliyoitengeneza Februari sasa inashika Bujumbura tu. Mzee angeshukuru. Bujumbura ni mbali.

Bruda alipotaka kutuonjesha, nilisimama mapema nikatangaza kwamba hiyo ni kumi na sita, nausikia utamu wake. Bruda akasema kwa upole kwamba hajawasha bado. Ile ilikuwa jenereta.

Nikamwambia nilikuwa naisifia jenereta.

Jumanne, 7 Juni.

Mazoezi yameanza. Nimejifunga kitenge cha Zipora usoni, nikamwomba mke wangu huyo aangushe punje za mahindi kwenye kopo. Mara punje kumi na sita, mara kumi na nne. Mimi nitambue kwa sikio.

Nimepata tatu kati ya ishirini. Mahindi yana unyevu.

Zipora akauliza kwa nini nisimwambie Bruda kwamba sisikii tofauti, nikarudi kibandani kutengeneza redio ya Mzee Dominiko. Wanawake hawana subira na sayansi.

Alhamisi, 9 Juni.

Jana sikuandika. Nilikuwa nimelala kwa ubavu, sikio juu, limejaa mafuta ya karanga. Nia ilikuwa kulilainisha. Sisimizi wakapata habari. Zipora amewatoa kwa unyoya wa kuku, huku akinuna. Sikio la kushoto sasa linasikia kila kitu kama kiko ndani ya mtungi. La kulia halijambo.

Nimepita kwa Nkwabi kuona anavyojiandaa. Alikuwa ameinamia saa ya mkononi, ametega sikio, ananyamaza kama padri anayeungamisha. Akaniambia kwamba sikio la fundi saa linajua hata saa inayotaka kufa kesho. Akaongeza kwamba fundi redio amezoea makelele, kwa hiyo asijisumbue.

"Bebe, wewe Nkwabi," nikamwambia, "tutaonana Jumamosi."

Nilitaka kuondoka kwa hasira lakini nikajikwaa kwenye kigoda chake.

Lazima nipate njia nyingine. Masikio peke yake hayatoshi kwa jambo hili.

Ijumaa, 10 Juni.

Njia imepatikana! Iko jikoni misheni. Ni shemeji yangu Coletha, mdogo wake Zipora, mpishi wa mapadri. Jumamosi atakuwa chumba kile kile cha mashine, akipasi vitambaa vya altare. Bruda atakuwa anachovya mkono kwenye kopo la maharage bila kuangalia. Likitoka jekundu, mashine hii. Likitoka jeupe, mashine ile. Sisi tuko nyuma ya pazia, hatuoni kitu. Coletha anaona kila kitu.

Nikamfuata kisimani. Nikampa mpango. Mkono wa Bruda ukienda kwenye mashine kubwa, yeye akohoe. Ukienda kwenye ndogo, anyamaze. Kumi na sita ni kubwa kuliko kumi na nne, kila mtu anajua. Akauliza kama ni dhambi. Nikamwambia kukohoa si dhambi popote duniani. Akauliza atapata nini. Nikamwahidi kwamba nikiwa mtunza mashine, sauti yake ndiyo itakayosikika kwanza kwenye kaseti ya jubilei. Macho yake yaling'aa. Coletha anapenda kuimba. Hawezi, lakini anapenda.

Tumefanya mazoezi ya kukohoa. Kikohozi chake kizuri, kifupi, cha heshima.

Naona hata huruma kwa Nkwabi.

Jumamosi, 11 Juni.

Siku gani hii! Nimekufa na kufufuka kabla ya chakula cha mchana.

Tulikuwa watatu nyuma ya pazia. Mimi, Nkwabi, na Bernadina, mwalimu wa kwaya. Kila mmoja na karatasi yake. Kwaya ikaanza kuimba kwenye spika. Upande wa pili, Coletha akakohoa. Nikaandika kumi na sita. Raundi ya pili, kimya. Kumi na nne. Ya tatu, kikohozi. Kumi na sita. Nilikuwa nikifumba macho na kuinua kidole hewani kabla ya kuandika, ili wajue nateseka. Nkwabi alitoka jasho. Bernadina aliangalia dirishani tu.

Bruda akakusanya karatasi. Akasoma.

Nkwabi, tisa kati ya ishirini. Bernadina hakuandika namba hata moja. Aliandika chini kabisa: Naomba radhi, Bruda, kwangu mimi zote ni sawa.

Kamili, sifuri.

Sifuri! Kati ya ishirini! Nkwabi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema hata mbuzi angepata nane.  Nikatazama mlangoni, Coletha kasimama na pasi mkononi, anatabasamu kwa fahari.

Nikamvuta pembeni. Nikamwuliza kwa kunong'ona amenifanyia nini. Akasema alifuata mpango. Mkono ukienda kwenye mashine kubwa, alikohoa.

Ndipo nilipokwenda kuchungulia chumba cha mashine. Ya tarakimu kumi na nne ni ya zamani, ni kubwa kama sanduku la nguo. Ya kumi na sita ni mpya. Ni ndogo kama Biblia.

Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma niondoke. Bruda akaniita kwa heshima, kwa jina la binti yangu Generoza.  Alikuwa amejaza karatasi nzima hesabu. Akawaambia watu wanyamaze, halafu akaeleza. Mtu asiyesikia chochote anabahatisha, na anayebahatisha anapata kama kumi. Nkwabi kapata tisa, kwa hiyo Nkwabi kabahatisha. Lakini kukosa zote ishirini kwa bahati tu? Ni mara moja katika majaribio zaidi ya milioni!

"Baba Generoza hakubahatisha," alisema Bruda. "Amesikia tofauti kila mara. Amekosea majina tu."

Watu wakasimama. Kisha vigelegele! Mzee Dominiko akanishika mkono kunishukuru, akasema wabeja, wabeja sana, kana kwamba nimemtengenezea redio. Nkwabi alikunja uso kama aliyemeza skrubu.

Nikawaeleza kwa unyenyekevu kwamba tangu utotoni mimi husikia vitu kinyume.

Bruda anaandika barua kwa mwalimu wake Italia kumhusu mtu wa Masumbwe anayesikia tarakimu mbili. Barua! Italia! Ameomba nirudie kesho baada ya Misa, mbele ya waumini wote, ili aweke na tarehe. Nikakubali. Coletha yupo. Safari hii nitageuza.

Zipora hakupiga kigelegele. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

Jumapili, 12 Juni.

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba. Mbele kuna watu wanapita.

Coletha ameamka na mafua. Si mafua ya kawaida, mafua ya ng'ombe. Wakati wa Misa alikohoa kuanzia Utukufu hadi Komunyo. Nikamnong'oneza avumilie. Akaniambia anavumilia tangu alfajiri.

Ukumbi ulijaa. Watoto madirishani. Mimi peke yangu mbele, nimefungwa kitenge, pazia nyuma yangu. Wimbo ukaanza. Coletha akakohoa. Wimbo wa pili, akakohoa. Wa tatu, akakohoa, akapiga chafya, akakohoa. Hiyo ni mashine gani? Hakuna mashine ya tarakimu thelathini!

Nikaamua kutumia kipaji. Niliposikia watu wananong'ona, nikaanza kutaja majibu kwa sauti na kuyafafanua. Hii kumi na sita, nikasema, sikieni sauti ya kwanza inavyoteleza kama mtindi. Hii kumi na nne, ina kokoto, inakwaruza koo. Hii kumi na sita tena. Watu wakaanza kuitikia. Akina mama walikubali kwamba kokoto wanazisikia hata wao. Mzee Dominiko alisema ile ya kokoto imemuumiza jino. Nikapamba moto! Raundi ya kumi na mbili nilitokwa machozi kwa uzuri wa kumi na sita. Machozi ya kweli.

Nikafunguliwa kitenge. Bruda alikuwa amesimama mbele yangu, na mkononi ana kitu kidogo cheusi. Fyuzi. Imeungua.

Akasema mashine ndogo iliungua kabla ya raundi ya kwanza, jenereta ilipopandisha umeme. Aligundua alipotaka kuitumia mara ya kwanza, akataka kusimamisha jaribio. Lakini alipotokeza kichwa kwenye pazia alinikuta tayari naeleza mtindi, akaona ajifunze. Raundi zote ishirini zilikuwa mashine moja. Ile kubwa. Kumi na nne, mwanzo hadi mwisho.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Hilo ndilo lililoniuma. Kisha Coletha akalia, katikati ya kukohoa, akasema yote. Kisima, kikohozi, kubwa na ndogo, na jinsi nilivyomwahidi wimbo. Hapo ndipo walipocheka. Nkwabi hakucheka. Aliniangalia tu kama saa iliyokwisha. Afadhali angecheka.

Bruda akatoa ile barua mfukoni. Ilikuwa na stempu tayari. Akaikunja mara mbili, mara nne. Nikamwomba aipeleke hivyo hivyo, maana ameiandika vizuri. Akasema, "Hapana, Kamili," taratibu, bila Baba Generoza.

Kazi amepewa Bernadina. Bruda alisema mtu anayejua asichokisikia ndiye anayeweza kukabidhiwa mashine. Mashine kubwa inabaki hapa, ndogo ikishapona itakwenda Ushirombo, kwa kuwa hakuna sikio Masumbwe lililoonyesha tofauti.

Zipora amekuja hapa nyuma ya nyumba, akakaa kando yangu. Amesema yeye aliolewa na fundi redio, hakuolewa na masikio. Akasema redio ya Mzee Dominiko bado iko mezani, koili yake imelegea tu, hata yeye anaiona.   Tulikaa hivyo mpaka ugali ukaiva.

Jumatatu, 13 Juni.

Nimefungua kibanda. Mteja hakuna. Nimeikaza koili ya redio ya Mzee Dominiko. Kweli, ilikuwa imelegea. Sasa inashika Dar es Salaam. Mzee amefurahi kwa dakika moja, kisha akauliza Bujumbura imekwenda wapi.

Mwanamke mmoja alipita na kunisalimia kwa kukohoa.

Jumatano, 15 Juni.

Watoto wote wa Masumbwe wamekuwa na kifua. Nimeamua kusafiri kidogo.

Jumamosi, 18 Juni. Kalangalala, Geita.

Niko kwa binamu yangu Mageni, mchimbaji. Hewa nzuri. Hapa hakuna anayekohoa nikipita.

Wiki nzima nimetafakari yaliyotokea, tena kwa ukali, bila kujihurumia. Nimegundua kosa langu. Muziki! Muziki una mambo mengi, waimbaji, jenereta, mafua. Sikio kubwa kama langu linapotea humo. Linahitaji kitu kimoja kigumu kisichoimba.

Leo asubuhi nilikaa na Mageni na wenzake. Wanalalamika kwamba wanaponda mawe kutwa nzima kwa nyundo, na mengi hayana kitu. Wangejua mapema lipi lina dhahabu, wangepumzisha migongo yao. Wakati huo mmoja alikuwa anagonga jiwe. Nikalisikia! Lilijibu. Kuna kitu ndani, kizito, kinamung'unya maneno.

Nikawaambia. Wachimbaji ni watu wa kuelewa haraka. Hawakuuliza habari za tarakimu. Wamekubaliana kwamba watafunika mawe ishirini kwa magunia, nami nitagonga moja moja kwa kijiko, macho yamefungwa, niwatajie lipi lina dhahabu. Nikipatia, nitakuwa msikilizaji wa shimo zima. Nimewaomba waalike na mashimo ya jirani. Mageni akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi nilikaribia kufika Italia.

Mchana nimefanya mazoezi kwa mawe ya hapa nyumbani. Kumi na moja ya kwanza, hakuna kitu. La kumi na mbili, karibu na pipa la maji, limelia kama kengele! Nikalikumbatia. Nikamwita mke wa Mageni, Salvina, aje ashuhudie.

Salvina akanyoosha mkono kwa adabu.

"Shemeji," akasema, "hilo ni jiwe langu la kusugulia miguu."

Nimemkataza asilisugulie tena. Maskini, hajui anachokanyaga kila siku.