Kabati la Mjozi la Akina Chimène

Jumatatu, 21 Machi 2016. Whitehall, Columbus.
Haki iko wapi? Bibi Mmarekani anayetunzwa na mama yake Chimène wa kwaya yetu amewapa kabati la droo. La Kiingereza! Mbao ya mjozi, mti wa thamani! Miaka zaidi ya mia mbili! Na wiki hii hii Mama Adolphine, kiongozi wa kwaya, anachagua nyumba ya kutunzia vitenge vipya, sare ya kwaya ya Pasaka. Kazi hiyo nimeiombea tangu Krismasi. Chimène hata kupiga pasi hajui.

Jumatano, 23 Machi.
Nimekwenda kwao kusalimia. Yaani kuchunguza. Kabati linang'aa kama limepakwa asali. Nikatafuta kasoro. Meno ya mbao yanayoumana kwenye pembe za droo hayalingani, maana fundi aliyakata kwa mkono. Yamekaza vizuri mno. Nikachukia. Kisha nikaona: ndani ni mbao nyingine! Mjozi ni ngozi nyembamba tu, imebandikwa juu. Kitabu cha maktaba kinasema mafundi hodari wa zamani walifanya hivyo hasa. Mama Adolphine haendi maktaba. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba lile kabati ni feki.

Alhamisi, 24 Machi.
Nimeshinda! Mama Adolphine amesema, bon, sawa, vitenge vya Bwana haviwezi kulala ndani ya uongo. Ameleta vyote kwetu, nikavipanga kwenye droo. Jumapili atavifuata mwenyewe. Shida ni moja: kabati letu lilitoka dukani ndani ya boksi. Ataliona! Lazima lizeeke haraka.

Jumamosi, 26 Machi.
Nimelipaka chai ya rangi, kali, tena na tena. Limekuwa jeusi jeusi, la kifalme. Mama akauliza kwa nini nyumba inanuka kama matanga. Nikamjibu ni sanaa.

Jumapili, 27 Machi. Pasaka.
Limevimba kama mandazi! Kumbe si mbao, ni unga wa mbao uliogandishwa. Droo hazifunguki. Baba akavuta, kishikio kikabaki mkononi. Mama Adolphine, amesimama mlangoni na viatu vyake vya dhahabu, akaniuliza: we binti, leo watu wanatoka kaburini, wewe umezika kwaya yangu? Wameimba na makoti ya baridi. Chimène aliimba peke yake ubeti mzima. Vizuri. Inaniuma hadi sasa.

Jumatatu, 28 Machi.
Baba amepasua mgongo wa kabati kwa nyundo. Vitenge, pamoja na madoa ya chai, vimehamia kwa Chimène. Naye kanihurumia! Eti tuvitunze pamoja, dada, droo ya chini iwe yangu. Eti ndiyo kubwa kuliko zote, mafundi wa Kiingereza walipanga hivyo, ndogo juu, kubwa chini.
Ya chini. Mimi!
Nimewaza sana. Kabati likigeuzwa miguu juu, ya chini itakuwa ya juu. Kesho nitawahi kwao kabla Chimène hajaamka.