Mdogo Wake Mwenye Nyumba

Jumatatu, 3 Machi
Karatasi getini! Mwenye nyumba aliiweka rehani, kashindwa kulipa, benki inaichukua. Simu yake haipatikani. Mume wangu yuko safarini na lori. Mtoto anaota meno. Nikasinzia nikimnyonyesha, nikaona nyumba inang'oka polepole, inaelea juu ya mabati ya majirani, mapazia yakipepea, sisi wawili ndani. Wala hatukuogopa. Nimeamka na mpango.

Jumanne, 4 Machi
Afisa wa benki kaja. Mpole, kalamu tatu mfukoni. Akauliza mimi nani. Nikapiga hesabu haraka: mpangaji hutupwa nje na masufuria yake, ndugu huonewa huruma. Nikasema mimi ni mdogo wake mwenye nyumba, tumbo moja. Machozi yakaja yenyewe, ni uchovu. Kaandika, nikatia sahihi. Kazi safi!

Jumatano, 5 Machi
Mama Pacha wa mlango wa pili, adui yangu tangu ugomvi wa kamba ya nguo, kaja na tabasamu. Yeye kaonyesha mkataba wake. Kaambiwa mpangaji ambaye benki iliukubali mkataba wake haguswi mpaka muda uishe, kodi tu ndiyo ataipeleka benki. Familia ya mwenye nyumba ndiyo yenye siku saba za kuhama. Akaniuliza, shoga, kaka yako anakupokea lini?
Nilikunja nepi moja mara nne.

Alhamisi, 6 Machi
Benki. Mtoto mgongoni, mkataba kifuani. Foleni ndefu, kiyoyozi kinavuma kama mtu anayebembeleza. Nikaelea kidogo. Nikashtuliwa na jina langu.
Afisa akauliza lipi la kweli, mdogo au mpangaji. Nikasema undugu nimeukana. Akainama, mabega yakamtikisika. Akakagua mkataba, upo kwenye orodha yao, miezi minane imebaki. Tunabaki! Akanisihi, dada, ukiulizwa tena sema mpangaji, basi. Nikaapa kwa kichwa cha mwanangu.

Jumatatu, 10 Machi
Mtoto kalala ndani, mtu anayetaka kununua kaja kuiona nyumba. Viatu vinang'aa, sauti nzito. Akauliza mimi nani. Mpangaji! Nani atamheshimu mpangaji? Nikasema benki imeniweka kuitunza nyumba. Akafurahi. Akaniagiza nimwondoe huyo mama mwenye mtoto, mpangaji aliyetajiwa na benki, kabla ya mwisho wa mwezi.
Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ni mkaidi yule, lakini mimi hunisikiliza.