Besi Isiyo na Freti na Ng'ombe wa Mzee Anande

Jumamosi, 6 Agosti 1994

Ndesanjo, mpiga kinanda wa kwaya yetu, amerudi kutoka Dar na kinanda. Si kile cha upepo cha kukanyaga. Cha umeme, kipya, bado kina nailoni. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, hata kisichohitajika. Mazoezi yote ya kwaya leo yakawa maonyesho yake. Akabonyeza hapa, ngoma zikalia. Akabonyeza pale, tarumbeta. Kisha, huku ananitazama mimi, akapiga besi kwa mkono wa kushoto na wa kulia ukaendelea na wimbo. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama na besi yangu shingoni kama mtu aliyekuja msibani akakuta ni harusi.

Mwalimu Eunike, anayetufundisha kwaya, akasema maneno mabaya kwa upole sana. Mwezi ujao tunakwenda Nairobi kurekodi kaseti. Gari ni dogo. Kama mkono wa kushoto wa Ndesanjo unatosha, hakuna haja ya mpiga besi kuchukua kiti. Ataamua Jumapili ya Mavuno, tarehe ishirini na moja.

Yaani mimi Efraimu, niliyepiga besi katika usharika huu tangu siku wageni Wajerumani walipotuletea lile gitaa la besi, nibaki hapa Kijenge huku sura ya Ndesanjo ikichapishwa kwenye kaseti! Haiwezekani. Kwenye picha ile lazima niwemo, tena mbele.

Nina mpango.

Jumatatu, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Penina, mke wangu, amekwenda kwenye maonyesho kutazama mbuzi wa kisasa. Nyumba kimya. Wakati mzuri wa kazi ya kitaalamu.

Mpango wenyewe ni huu. Juzi kwenye duka la kaseti karibu na stendi nilisikia besi ya kizungu ikilia kama mtu. Haigongi noti. Inateleza kutoka moja kwenda nyingine, inalalamika, inabembeleza. Mwenye duka akaniambia besi za aina hiyo hazina freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni mwa gitaa kukuonyesha pa kubonyeza. Kinanda hakiwezi kuteleza. Kati ya kibonyezo na kibonyezo hakuna njia. Ndesanjo kwisha habari yake.

Nimezing'oa zote kwa plaizi. Zimetoka vizuri, isipokuwa zile zilizotoka na mbao. Mifereji iliyobaki nimeiziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa. Shingo ikawa laini lakini ina mabaka. Ilihitaji vanishi ngumu yenye kung'aa, na vanishi sina. Lakini Penina anauza vipodozi vya Dubai, na rangi ya kucha ni nini kama si vanishi iliyosoma? Nimetumia chupa zote nyekundu. Zilipokwisha nikamalizia na za waridi. Sijawahi kuona shingo nzuri namna ile, ukiacha ya Penina siku ya ndoa yetu.

Penina amerudi. Nimemweleza hayo ya shingo yake. Hayakusaidia. Kumbe zile rangi zilikuwa zimeagizwa na maharusi wa Jumamosi. Nitalala sebuleni mpaka atakaposema vingine.

Jumatano, 10 Agosti

Tatizo dogo. Bila freti sijui noti iko wapi. Zamani kidole kilitua popote kati ya freti na freti, chuma kikamaliza kazi. Sasa kidole kinatua kinapotua, na ukweli unasikika. Dawa nimeipata mwenyewe: naanza chini kidogo, kisha nateleza kupanda hadi masikio yaridhike. Kila noti naifikia kwa safari. Watu watadhani ndiyo mtindo, na mimi pia nimeanza kudhani hivyo.

Nimefanya mazoezi siku nzima, spika dirishani. Wa kwanza kunielewa ni ng'ombe wa Mzee Anande. Mzee Anande ni jirani yetu ng'ambo ya uzio, tena mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ng'ombe wake hatoki bandani, analetewa majani ya migomba. Nilipoteleza, akaitika. Nikateleza tena, akaitika kwa nguvu zaidi. Tumekwenda hivyo hadi saa kumi. Kinanda cha Ndesanjo kimewahi kuitikiwa na nani?

Mzee Anande akaja uzioni. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba ya haraka haraka. Akaeleza kwamba ndama wa ng'ombe huyu aliuzwa wiki iliyopita, mama akalia siku kadhaa, na alikuwa ameanza kusahau. Leo hali kitu, hashushi maziwa, anatazama dirisha langu tu. Nikampa pole. Nikamwambia sisi wasanii tunasumbuliwa hivyo hivyo na mashabiki. Akarudi kwa ng'ombe wake.

Ijumaa, 12 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Nimetoa besi kwenye mfuko wake polepole, kwa heshima yake. Shingo nyekundu ikawaka. Akina mama wa sauti ya kwanza wakashika midomo.

Tukaanza wimbo. Mwalimu Eunike akausimamisha, akauliza ni nani ambaye hajala, maana tumbo lake linasikika hadi mbele. Ndesanjo akasogea, akapitisha kidole shingoni mwa besi, akauliza kwa sauti kubwa freti za usharika ziko wapi. Nikamjibu ziko salama nyumbani kwenye kopo. Akasema mali ya kanisa. Akasema tena mali ya kanisa, kila mara akimgeukia mtu mwingine, hadi kila mtu akapata zamu ya kusikitika.

Jioni hii hii ameonekana akiingia kwa Mzee Anande. Mchongezi mkubwa.

Jumapili, 14 Agosti

Wazee wa kanisa wamekaa baada ya ibada, nikaitwa. Mzee Anande alikuwa katikati, macho mekundu. Ng'ombe hamwachi apumzike.

Nilijitetea vizuri mno. Nikawaeleza kwamba zama zimebadilika, hii ni biashara huria, kila mtu anatakiwa kuboresha bidhaa yake la sivyo anaachwa. Mzee mmoja akataka kujua kama nina mpango wa kuboresha na madhabahu. Nikasema kwa sasa sina. Nadhani jibu hilo halikunisaidia.

Uamuzi: gitaa limeharibika, litapigwa mnada Jumapili ya Mavuno pamoja na mikungu ya ndizi, mahindi na kuku. Mzee Anande akaongeza kwamba na yeye mwaka huu sadaka yake ya mavuno ni yule ng'ombe. Afadhali auzwe kuliko kuendelea kuteseka mbele ya dirisha la Efraimu. Anampenda yule ng'ombe.

Nje, Ndesanjo akanishika bega akanipa pole, meno yote nje.

Nimekaa nikafikiri hadi chai ikapoa, na sasa nacheka peke yangu. Mnada ni jukwaa! Mnunuzi ana haki ya kusikia chombo kabla ya kukinunua. Nani wa kumsikilizisha kama si mimi? Nitapiga mbele ya usharika mzima, Mwalimu Eunike akiwa palepale, siku ileile ya kuamua. Wamenipangia tamasha bila kujua.

Alhamisi, 18 Agosti

Penina ameanza kusema nami, ingawa ni habari za chumvi na mkaa tu.

Leo asubuhi niliteleza mteremko mrefu kuliko yote. Ng'ombe akavunja mlango wa banda, akapita kwenye migomba, akaangusha uzio, akafika dirishani akalamba spika. Aisee, machozi yalinilengalenga. Mzee Anande akaja na kamba, akamvuta kurudi bandani.

Penina alikuwa mlangoni, ameona yote. Akasema anavyodhani yeye, besi yangu inalia kama ndama. Wapo watu wema kabisa ambao hawakujaliwa sikio la muziki. Nimemwambia hivyo kwa upendo. Bado nalala sebuleni.

Jumapili, 21 Agosti

USHINDI. Niandike kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa. Mabeseni ya mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada sote tukatoka uwanjani kwa ajili ya mnada. Ndesanjo alikuwa amesimamisha kinanda chake karibu na ngazi, anachangamsha watu kwa tarumbeta zake za bandia. Ng'ombe alikuwa amegoma getini. Vijana walivuta mbele wakasukuma nyuma, hasogei. Hatibu mchinjaji hakosi mnada wetu, maana wanyama wa sadaka huwa wamenona, na tayari alikuwa anampapasa mgongo. Mzee Anande aligeuza uso asione.

Ikafika zamu ya besi. Mwendesha mnada akaiinua juu. Hakuna mkono hata mmoja. Mtu akauliza kama ile shingo ni ya kuchomea mishikaki. Hapo nikasimama, nikadai haki ya mnunuzi kusikia. Wazee wakanong'onezana. Mwalimu Eunike akasema niachwe nipige, tumalize twende nyumbani.

Nikachomeka waya kwenye spika. Nikafumba macho. Nikateleza kuanzia chini kabisa, polepole, kwa uchungu wote wa wiki mbili za sebuleni.

Getini pakatoka mlio mkubwa. Nilipofumbua macho vijana walikuwa kwenye vumbi na kamba inaburuzwa peke yake. Ng'ombe anakuja. Watu wanampisha, mahindi yanamwagika, kuku wanapiga kelele, na kati yake na mimi kuna kitu kimoja tu. Sitasema kwamba nilifurahi, ilikuwa Jumapili. Mguu wa mbele ulikanyaga tarumbeta, wa nyuma ukamaliza ngoma. Ndesanjo aliruka pembeni kwa wepesi ambao sijawahi kuusikia katika muziki wake.

Ng'ombe akafika kwangu. Akanusa spika, akatulia. Halafu maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kwenye nyasi, usharika mzima ukiangalia.

Mzee Sironka, mfugaji wa Olasiti, alikuja kutafuta mahindi tu. Akasogea, akamtazama kiwele, akasema ng'ombe kama huyu hachinjwi. Akashindana na Hatibu hadi Hatibu akainua mikono, akachukua kuku wawili akaenda zake. Mzee Anande akafuta uso kwa kofia. Alipojua ng'ombe hafi, akanipa mkono, mimi, hadharani.

Kisha Mzee Sironka akataja sharti. Anamchukua ng'ombe pamoja na ile besi, maana bila sauti ile hatembei wala hatoi maziwa. Sijafungua mdomo, mnada ukagongwa. Kwa hiyo besi yangu imekwenda Olasiti na ng'ombe. Hilo ni doa dogo. Kinanda kimekufa, na Mwalimu Eunike ametangaza kwamba kiti cha Nairobi ni changu, ili mradi nipate besi ya kwenda nayo.

Jumatano, 24 Agosti

Nimekwenda Olasiti. Nimemkuta Mzee Sironka anachechemea. Alijaribu kupiga besi mwenyewe, ng'ombe akampiga teke. Nimefurahi kuona mnyama anatofautisha.

Tumeelewana. Jioni napiga, mkewe anakamua, narudi nyumbani na kopo la maziwa. Penina ameyapokea maziwa kama fidia ya rangi za kucha. Nimerudi chumbani. Kitanda kile nilikuwa nimesahau kina mto.

Lakini habari ya Nairobi Mzee Sironka hataki kuisikia. Besi ikiondoka, ng'ombe atakaa siku zote hizo na maziwa yake? Nikamwomba, nikamsihi, nikamwita baba. Akatikisa kichwa. Nimekaa juu ya ndoo nimeishiwa kabisa, naona kiti changu kinaondoka, naona picha ya kaseti haina mimi. Ndipo nikainua macho nikaiona redio yake ya kaseti, imetundikwa ukutani mwa banda.

Jumamosi, 27 Agosti

Ushindi wa pili, na huu ni mkubwa kuliko wa kwanza.

Jana tumerekodi palepale bandani. Upande wa kwanza, mteremko mrefu. Upande wa pili, mteremko uleule ila wa huzuni zaidi. Leo asubuhi Mzee Sironka akaweka kaseti, mimi nimejificha nyuma ya nyumba. Ng'ombe akaitika, maziwa yakashuka hadi ndoo ikafurika. Mzee akanipa besi niende nayo Nairobi, nirudi nayo ikiwa nzima. Kiti ninacho!

Tena kaseti ya kwanza kutoka katika kwaya yetu ni ya kwangu, peke yangu, pande zote mbili. Na ina msikilizaji anayeisikiliza asubuhi na jioni bila kuchoka. Penina amerudia yale maneno yake ya ndama. Nimemsamehe.

Ndesanjo naye amekuja kunipongeza, safari hii bila kuonyesha meno. Kinanda kiko kwa fundi. Atakwenda kama mwimbaji wa sauti ya tatu, nyuma kabisa.

Mwalimu Eunike amenishauri kwa upole wake kwamba Mungu amenitoa kwenye shimo, nisilirudie. Nisiguse tena kitu chochote cha usharika. Nimeahidi kwa moyo wangu wote, na kwa ahadi hiyo amenikabidhi vyombo vyote nivitunze hadi siku ya safari. Viko hapa sebuleni. Ngoma, spika, nyaya, na lile gitaa la solo ambalo sikuwahi kulitazama vizuri. Bado lina freti zake zote, maskini. Penina ameficha plaizi. Iko chini ya godoro, upande wake.