Siku Verni Ilinikamata Mbele ya Bakwe

Siku ile niliumbuka. Si ile ya kuchekwa ku kisima siku moja ikaisha. Ni ile ya kuwaza kuhama kanisa (sikuhama, mais niliwaza).

Acha kwanza niseme benye balikuwa pale, juu bajukuu banapenda kuongeza batu. Kulikuwa mimi. Kulikuwa Masika, dada ya bwana yangu, mwenye mudomo. Kulikuwa Kavira, binti yangu, yeye ndiye tulikuwa tunaolesha. Upande ya bakwe kulikuwa Kakule, muchumba yake, na baba yake mukubwa Katembo, muuzaji wa kahawa kule Mangina, pamoja na mbuzi zao. Bwana yangu Paluku alikuwa njiani kutoka Vuhovi. Alifika kila kitu ikiisha, kama kawaida yake.

Ilikuwa Butembo, wakati ya vita, wakati commandant moja anatoka, mwingine anaingia, na kila mwenye kuingia anatafuta nyumba ya kulala. Basoldat yake balitembea na chaki. Nyumba ikibapendeza, banaandika musalaba ku mulango, na mwenye nyumba anabeba masufuria yake anaenda kwa ndugu. Donc mutaa yetu tulipata akili. Kioo ikivunjika, acha. Rangi ikitoka, acha. Nyumba mubaya ndiyo nyumba yako.

Mimi nikatengeneza parquet.

Ile sakafu ya parquet baba ya Paluku aliiwekaka yeye mwenyewe mu salon, mbao ya libuyu, nyekundu-nyekundu. Basoldat ba mbele balilala mule, bakapasulia kuni juu yake, bakawasha mbabula ya makaa katikati. Balipoenda, kulibaki tundu nyeusi, ukubwa ya mbuzi. Masika aliona ile tundu ni bahati.

"Tandika mukeka juu yake, wifi. Parquet ya kungaa itatuletea commandant."

"Binti yangu haolewe juu ya tundu," nikamujibu.

Fundi Kasereka akakuja. Alitoa mbao zenye ziliungua, akapigilia mupya, akaziba nafasi na unga ya musumeno yenye kuchanganywa na kole, ile gundi ya mbao, akaparuza yote na kipande ya chupa, kisha papier de verre, karatasi ya kusugulia, mpaka mikono ikamutoka malengelenge. Akapaka verni, mafuta ya kungarisha mbao, nyepesi, mara moja tu.

"Mama Kavira, basi. Usiongeze kitu. Na hii baridi yetu, verni ya munene inakauka juu, chini inabaki bugali."

Akaenda, akaacha kopo chini ya meza. Hapana kuacha kopo kwa mwanamuke mwenye anangojea bakwe.

Siku ya mahari, asubui, nilimwaga yote. Nilitaka kuona uso yangu mule, na niliuona. Saa sita nikagusa na kidole: kavu. Nikaita Masika.

"Ona."

"Ninaona commandant," akasema.

Hata hatujamaliza kugombana, Kavira akaingia mbio. "Mama, bale ba chaki bako kwa jirani. Banakuja hapa."

Akili moja ikanijia (hakuna mutu aliiita). Nikajitupa chini katikati ya salon, nikajifunika kitenge mpaka ku shingo, nikaanza kulia kama mugonjwa. Masika, na ule mudomo wake wenye nilikuwa nalaumu kila siku, akasimama ku mulango.

"Mama, mbote," soldat moja akasema. "Nyumba hii ya nani?"

"Ya huyu mugonjwa. Anaharisha tangu jana, anatapika. Ingieni, mais mufunge pua."

"Ni choléra?"

"Mimi si munganga, papa. Mwenye alimushika mukono jana, leo naye amelala."

Balirudi nyuma polepole. Chaki ikaingia mu mufuko.

Nikataka kusimama. Parquet ikakataa. Kitenge zote mbili, ya kuvaa na ya kujifunika, zilishikwa kutoka bega mpaka magoti. Kitambaa ya kichwa nayo. Shavu nilitoa, mais ililia.

Hapo tukasikia sauti ya Katembo inje. Basoldat balikutana naye ku mulango ya lupango, bakamuambia.

"Kakule, geuza mbuzi. Kuna choléra mu hii nyumba."

Masika alitaka kumuita. Basoldat balikuwa bangali pale barabarani, banavuta sigara. Kusema kwa nguvu kama hakuna ugonjwa, ni kubaita na chaki yao. Kunyamaza, ni kumupoteza Kakule. Bakwe bakirudi Mangina, na ile barabara ya vita, nani alijua itafunguka tena lini? Kavira alinitazama tu. Hakulia. Ingekuwa heri alie.

Nikafungua kitenge. Nilikiacha mule ku verni kama ngozi ya nyoka, nikapita mulango ya nyuma, nikazunguka nyumba mbio, na jupon ya ndani peke yake. Kwetu, mama mukwe na mukwe yake habaangaliane hata usoni. Kakule aliniona yote. Akaficha uso mu shingo ya mbuzi.

"Baba Katembo," nikasema chini-chini, "mimi muzima. Tuliogopesha bale ili basichukue nyumba."

Mufanyabiashara hapana kusadiki haraka. "Mutu wa choléra hawezi kula," akasema.

Masika akaleta ndizi na sombe. Nilikula nikisimama, na kwa haya, nikabageukia mugongo. Hapo ndipo niliharibu.

Ile jupon nilishonaka na gunia ya farini, unga ya misaada. Nyuma, penye ninakalia, kulikuwa maandiko. Sikusoma, nilifikiri ni mapambo. Katembo yeye alisoma, pole-pole, kama katekista.

"Interdit de vendre." Akakohoa. "Haiuzwe. Sawa, mama, tumeelewa. Sisi tulikuja juu ya binti."

Mahari ilizungumuzwa ku jikoni, kati ya masufuria. Mu salon hakuingia hata mutu moja. Kasereka alirudi kuparuza kitenge na kipande yake ya chupa, na kuenda akabeba kopo yake, hata kama ilikuwa tupu.

Kama kuko penye nimekosea, munirekebishe. Masika, uko mu hii groupe ya familia ku telephone, ninajua unasoma. Mais juu ya maandiko ya jupon, hapana kumuuliza Kakule. Mpaka leo anaapa kama aliona mbuzi tu.