Umri wa Bastola ya Mbio

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kikao cha klabu, mdomo mchungu. Katibu ametangaza kwamba tutanunua king'ora cha umeme cha kuanzishia mbio. Unabonyeza kitufe, kinalia, kazi imekwisha. Watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa kengele!

Nani atakibonyeza? Katibu hakusema. Mimi sikuuliza. Mtu haulizi siku ya mazishi yake.

Mimi ndiye mwanzishaji wa mbio tangu uwanja huu ulipokuwa majani matupu. Kila Jumamosi napanda kwenye kisanduku changu cha mbao, kofia nyekundu kichwani. Nainua bastola. Uwanja mzima unanyamaza na kunitazama. Bastola yenyewe haiwezi kumdhuru hata nzi: inalishwa fataki, inatoa mlio na moshi, basi. Lakini kwa pumzi moja hivi hakuna anayemtazama mtu mwingine. Juma zima naishi kwa pumzi ile.

Katibu akaongeza kuwa hakuna haraka, king'ora kitaanza kazi bastola itakapochoka. Hapo Mama Sekunde, mtunza saa wetu, akauliza kwa sauti ya asali: kwani bastola huishi muda gani kabla vyuma vyake havijaisha? Yaani ananipima sanda nami niko kitini namtazama! Nikajibu kwamba bastola ikitunzwa humzika mwenyewe. Wakacheka sana. Sikuwa nafanya mzaha.

Nimeamua. Bastola hii haitachoka.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi wa makufuli, ambaye pia ndiye anayejua mambo ya springi. Nimemuuliza swali la Mama Sekunde kama vile ni langu. Akasema mwili wa bastola wataurithi wajukuu. Vinavyokufa ni vidogo vya ndani: springi hulegea, na pini inayogonga fataki huchakaa ncha. Kila pigo linakula kidogo. Ni kama magoti ya binadamu, akasema.

Kila pigo linakula! Basi dawa ni kupiga kidogo. Rahisi hivyo. Fundi alikuwa bado anaeleza jambo jingine, kidole juu, lakini mimi nilishapata nilichokifuata. Nikaaga.

Jioni nimefanya mazoezi kama kawaida. Viti vinne vya mezani, kila kimoja kwenye njia yake sebuleni. Jipangeni. Tayari. Tak! Bila fataki, bila shaka. Fataki ni za uwanjani, na lazima tubane matumizi. Mlio wa nyundo tupu ni mdogo, ila nyumba hii ni kimya, unafika mpaka jikoni na kurudi. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu kusaidia kulea kichanga. Mwezi mmoja tu, alisema. Kichanga siku hizi kinapanda ngazi.

Leo nimepiga mbio nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kapiga simu. Kauliza kama nakula. Nakula. Kauliza nitakwenda lini kuwaona. Nikasema haiwezekani, nimebanwa na mashindano. Akasema mashindano ni Jumamosi, leo ni Alhamisi. Mwanamke huyu anajua kalenda! Nikawa natafuta jibu, mtoto akalia nyuma yake, akasema ngoja nitakupigia baadaye.

Hajapiga. Nimekaa karibu na simu nikijifanya nasafisha viatu. Viatu vimesafishika mpaka vinatia aibu.

Nimepanga viti. Mita mia, mita mia mbili, kuruka viunzi, kupokezana vijiti, michujo na fainali zote. Kiti cha mke wangu kimeshinda mara tatu. Sikupendelea.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kutekeleza. Mpango ulikuwa safi: bastola kwa fainali tu, michujo yote kwa mdomo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mchujo wa kwanza, watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Nikainua mkono mtupu, nikapiga kelele, "Paa!" Mmoja akakimbia. Wengine walibaki kwenye mistari wakijishika mbavu. Huyo mmoja akashinda, na mzazi wake akakataa katakata mbio zirudiwe.

Mchujo wa pili nikapiga makofi. Kumbe na mtazamaji mmoja jukwaani alikuwa anamuua mbu, akanitangulia. Wanane wakaondoka.

Mchujo wa tatu nikapunga leso. Wanariadha wa mbio fupi huinama na kutazama chini. Nilipunga mpaka bega likaniuma. Wakaanza kulalamika. Nikawaambia haraka haraka haina baraka.

Mama Sekunde akaja, saa yake ikining'inia shingoni. Kwa utulivu kabisa akanieleza kwamba watunza saa hawaanzi kwa mlio, wanaanza kwa moshi, kwa sababu moshi hufika machoni kabla mlio haujafika masikioni. Akasema mdomo wangu hautoi moshi. Nikamwambia angoje fainali.

Fainali. Nikapanda kisandukuni, nikainua bastola. Kimya. Aa, kile kimya! Nikafyatua. Tak. Nikafyatua tena. Tak. Mara ya tatu ikalia, lakini wakati huo wawili walikuwa wamesimama kunitazama na mmoja ameinama kufunga kamba za kiatu. Mama Sekunde akaniletea maji na kuniuliza kama nalala vizuri. Hiyo ndiyo mbinu yake, ananihurumia mbele za watu ili nionekane nimekwisha. Maji nimekunywa, kiu haina adui.

Jumapili, 9 Machi

Bila shaka bastola ni chafu tu. Nimeifungua juu ya meza ya kulia. Mafuta ya kupikia, mswaki wa zamani, kitambaa. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka springi iliporuka. Niliisikia ikitua mahali. Mahali gani, Mungu ndiye anajua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimetambaa nyumba nzima kwa magoti, mchana wote. Chini ya kabati nimepata hereni ya mke wangu, ile aliyoitafuta mpaka akanuna. Nikashika simu nimwambie. Kisha nikafikiri atauliza nilikuwa natafuta nini chini ya kabati. Nimeiweka kwenye kisahani mezani, upande wake.

Springi ilikuwa ndani ya slipa niliyovaa.

Nimeiunga bastola upya, kikabaki kipande kimoja kidogo ambacho nadhani hakikuwa na kazi. Nikaijaribu. Tak, tak, tak. Nimeijaribu jioni yote, mpaka kidole kikafa ganzi.

Jumatano, 12 Machi

Kwa fundi. Kaifungua. Akanusa. Akauliza nani amekaanga kitu humu. Nikasema simjui. Kisha akauliza Jumamosi moja huwa napiga mara ngapi. Chache, nikasema kwa fahari, na siku hizi nimepunguza. Akasema haiwezekani, vyuma hivi ni vya bastola inayofanya kazi mchana na usiku. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtoto anayeichezea.

Nikasema nyumbani hakuna mtoto. Nyumbani hakuna mtu. Ni mimi tu, na mimi sichezi, nafanya mazoezi. Bila fataki.

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Mzee wangu," akasema, "fataki ndiyo godoro la pini. Ukifyatua tupu, pini inagonga chuma kwa chuma. Hii hukuiua uwanjani. Umeiulia sebuleni kwako."

Nikauliza kuhusu pini mpya. Aina hii haitengenezwi tena. Ndilo alilokuwa anataka kuniambia siku ile nilipomuaga na kuondoka, akasema: nisiipige tupu. Kikulacho ki nguoni mwako, akamalizia. Akanifungia bastola kwenye kitambaa, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake maiti ya paka.

Na sebule yangu yeye kaijuaje? Namshuku Mama Sekunde.

Jioni sikupanga viti. Ukimya ulikuwa mkubwa, nilisikia kijiko cha jirani kikikoroga chai upande wa pili wa ukuta. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: nimelia kidogo. Bila bastola mimi ni nani? Mzee mwenye kofia nyekundu.

Halafu nikapata wazo.

Jumamosi, 15 Machi

Wazo lilikuwa hili. Mkono wa kulia, bastola marehemu, juu. Chini ya kisigino, fataki tatu juu ya kipande cha bati, za mlio. Mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, chupa ya poda ya mtoto, ya moshi. Nafyatua, nakanyaga, naminya. Nani atajua?

Jipangeni, nikasema. Tayari. Uwanja ukanyamaza. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Fataki zililia, hilo nalisifu. Kisanduku nacho kikapasuka. Nikazama mpaka magotini, chupa ikafunguka mfuniko, na wingu jeupe likanifunika mimi, kofia, na wanariadha wa njia mbili za karibu. Lakini waliondoka! Wote wanane, kwa pamoja, mwondoko bora wa mwaka. Nilipofuta macho, Mama Sekunde alikuwa ananitazama, kidole kwenye saa yake. Akasema moshi wa leo ulionekana vizuri sana.

Katibu akanitoa kwenye mbao akinishika kwapa. Nikajiandaa kwa maneno ya kufukuzwa. Badala yake akafungua begi na kutoa king'ora. Kumbe kilishanunuliwa! Akanikabidhi mikononi.

"Hiki ni chako, mzee wetu," akasema. "Tulikinunua kwa sababu tuliona bastola inakuchosha mkono. Kitufe anaweza kubonyeza yeyote. Ila kuunyamazisha uwanja huu, nani mwingine anaweza?"

Nilikohoa poda.

Kisha Mama Sekunde akaja. Akasema wao huwa wanakula pamoja pale kwenye ngazi za jukwaa baada ya mbio.

"Kila Jumamosi tunakuwekea nafasi, kaka," akasema, "na kila Jumamosi unaondoka. Leo kaa."

Nilitaka kukaa. Naiandika hivyo hivyo: nilitaka sana kukaa. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuelekea kwenye ngazi. Halafu nikakumbuka ni nani anayenialika. Mtu anakulisha kwanza, kisha anakuomba kitufe! Nikasema asante, nina shughuli nyumbani. Akasema haya, labda wiki ijayo. Nikaenda zangu, mweupe kama mwokaji mikate. Nyuma yangu walikuwa wanacheka. Bila shaka walikuwa wananicheka mimi, ingawa nilipogeuka hakuna aliyekuwa akinitazama.

Jumapili, 16 Machi

King'ora kiko mezani. Kizuri, siwezi kusema uongo. Kinatumia betri. Asubuhi nimempigia Katibu kumuuliza betri huishi muda gani. Akasema inategemea matumizi.

Inategemea matumizi! Basi dawa ni kubonyeza kidogo. Jumamosi ijayo nitakitumia kwa fainali tu. Michujo nitapiga filimbi, na kwa ajili ya Mama Sekunde nitatafuta poda nyingine.

Mke wangu hakupiga simu leo. Huenda mtoto anaumwa. Huenda hana vocha. Mimi ningempigia, lakini atadhani nina shida.

Jioni nimepanga viti. Lazima kifaa kijaribiwe, huwezi kumpeleka mgeni uwanjani bila kumzoea. Jipangeni. Tayari. Nikabonyeza mara moja tu. Vikombe vilitikisika kabatini! Mlio ulijaza sebule, ukajaza jikoni, ukajaza chumba cha kulala, kisha ukaisha, na nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo.

Jirani akagonga ukuta kwa ngumi.

Nikasimama pale katikati ya viti, kidole kwenye kitufe, nikisikiliza. Tangu mke wangu aondoke hakuna mtu aliyewahi kugonga popote katika nyumba hii.

Akagonga tena. Nikabonyeza.