Majani ya Kuchomea

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Moto ni Jumamosi! Kibali cha kijiji tayari. Eneo letu la malisho, mimi na Masele, limevamiwa na vichaka vya miiba hadi ng'ombe hawapenyi. Kufyeka kwa vibarua ni kujifilisi. Moto ndio rahisi, ila unataka majani marefu yaliyokauka, la sivyo vichaka vinaungua ncha tu. Kwa hiyo Masele, mfugaji, msimu mzima hajalisha pale. Anaswaga ng'ombe mpaka Usevya kutafuta mabua ya mpunga. Kakonda yeye na ng'ombe wake. Mimi nina duka Makanyagio, kazi yangu kulinda majani. Nimelinda. Kiasi.

Alhamisi, 4 Septemba

Ukweli ni kwamba Julai nilimkodishia Maduhu, mfugaji mwingine, alishe wiki moja, nikajaza sukari dukani. Akakaa mwezi! Leo nimekwenda kuangalia. Loo! Upara na mavi. Nimezoa mavi, nimetupa korongoni. Nimenunua mabua ya mahindi, nimeyatandaza mbele tu, watakaposimama watu. Mke wangu, Mwanaiddi, kauliza mbona nanuka zizi. Nikasema nilikuwa naweka mbolea kwenye mchicha. Hatuna mchicha.

Jumamosi, 6 Septemba

Majirani walikuja na matawi mabichi ya kuzimia moto. Wamefyeka kinga ya moto pande zote. Masele akasema niwashe mimi, kwa heshima, maana ndimi niliyelinda. Nikawasha. Mabua yakalipuka, watu wakashangilia. Mabua yakaisha, na moto ukaisha. Masele akaingia ndani kabisa, akarudi na bonge la mavi mkononi. Akauliza ng'ombe wa nani. Nikasema labda nyati. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema ndama wake wamefia njiani kwenda Usevya kwa ajili ya majani haya. Nilitamani ardhi ipasuke. Naona aibu, hata kioo sikitazami.

Jumapili, 7 Septemba

Sijafungua duka. Mwanaiddi kaniburuta mwenyewe hadi kwa Masele. Nikaomba radhi kwa machozi ya kweli. Mwishowe akasema kona ya bondeni bado ina majani, tuichome Jumamosi. Ikishindikana na hiyo anahama na ng'ombe wake, na undugu umekwisha. Nikaapa kwamba haingii ng'ombe hata mmoja.

Jumatano, 10 Septemba

Nalinda bondeni, sipepesi macho. Majani yananifika kifuani, raha tupu. Akaja Libérate, mama mmoja wa Mishamo, na baiskeli na mundu, anatafuta majani ya kuezekea. Nikamwambia haiwezekani, haya ni ya moto. Akasema mvua ziko karibu, paa lake limeoza. Nikakataa. Akataja bei. Nikasema basi kidogo tu, huku nyuma. Anafyeka vizuri jamani! Kesho anakuja na dada zake. Roho inanisuta kidogo, lakini kiapo kilikuwa cha ng'ombe. Libérate si ng'ombe.